Nilimwambia Mama Windows ni orijino, sasa hesabu za kikundi zimefungwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na chuo. Natoa fotokopi, nachapa barua na CV, nawajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo mtandaoni, na zaidi ya yote napiga Windows, ule mfumo unaoendesha kompyuta. Hiyo ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Mteja anakuja na laptop imekuwa nzito, naifomati, nampigia Windows, namwekea Office, antivirasi na kila kikorokoro anachohitaji, anatoa elfu kumi na tano anaondoka anacheka. Mwanachuo namfanyia elfu kumi.

Vyote natoa kwenye flashi moja ya GB 64 ninayoivaa shingoni kama mwalimu wa michezo na filimbi yake. Ndani ya flashi hiyo hakuna hata kitu kimoja nilichokitolea hela. Vingine nilirithi kwa fundi aliyenifundisha kazi, vingine nashusha usiku bando likiwa rahisi. Kusema kweli sijawahi kuliona hilo kama jambo la kuwaza. Mtaani kwetu ukimuuliza mtu Windows yake kanunua wapi, atadhani unamtafutia mteja wa madirisha ya aluminiamu.

Miezi miwili iliyopita alikuja mama mmoja jirani yetu, ananijua tangu nikiwa natoka kamasi. Ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake 30. Mwanawe aliyeko Dar alimnunulia laptop ya mtumba ya laki nne, safi tu, hata kile kistika kidogo cha Windows bado kimeng'ang'ania pale unapolaza viganja ukiandika. Ilikuwa nzito kidogo na haikuwa na Office. Mama akaketi kwenye benchi langu, akaniuliza: "Mwanangu, hii unayoniwekea ni orijino? Maana humu kuna hela za watu." Nikamjibu, "Orijino kabisa, Mama." Shangazi, sikufikiri hata sekunde. Ndivyo tunavyojibu.

Siku hiyo kifaa changu cha kuaktiveti Office, kiprogramu cha kuifanya ikubali bila leseni, kikagoma. Nikashusha kingine kwenye kompyuta yangu, nikakihamisha kwa flashi, maana laptop ya Mama sikuiunga intaneti, nilikuwa nabania bando. Maelekezo yake yalisema zima antivirasi kwanza ndipo ufungue. Nikazima. Office ikakubali, yale maandishi mekundu ya juu yakatoweka. Laptop ikawa inavuta pumzi kidogo, taa ya diski inawaka bila kupumzika, nikamwambia Windows mpya ndivyo inavyoanza. Nikamrudishia mafaili yake ya Excel kutoka kwenye kompyuta ya zamani, akalipa, akaondoka.

Jioni akanitumia picha. Kila faili limeongezwa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina na halifunguki. Kila folda ina kikaratasi kinaitwa _readme.txt, Kiingereza kitupu: lipa dola 980 urudishiwe mafaili yako, ukiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Yale ya kompyuta ya zamani alishayafuta mwanawe siku alipoichukua aende nayo. Mama akauliza, "Mwanangu, hiki ni nini?" Nikamwambia ni virusi, labda kuna mtu kachomeka flashi chafu. Ikawa kweli mjukuu wake wa kidato cha pili alikuwa amechomeka flashi ya muvi jioni hiyo. Mtoto kachapwa, na laptop haruhusiwi kuigusa mpaka leo.

Mimi nilihamisha yale mafaili yaliyofungwa kwenye diski ya nje, nikafomati, nikampigia Windows upya, bure. Kwa flashi ileile.

Tangu hapo silali vizuri. Shemeji yangu anafundisha madrasa, nilimdokezea, akasema wizi ni wizi, hata ukiiba sindano. Fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara alicheka mpaka akakaa chini: "Wewe unamwonea huruma Bill Gates?" Nami najiuliza, leseni ya Windows peke yake ni zaidi ya laki tatu, mteja wangu laptop nzima kanunua laki nne. Nani atanilipa? Nikikataa, anavuka barabara.

Shangazi, je, hii kazi yangu ni wizi? Na je, nimwambie Mama, au nikae kimya maana yameshapita?

Fundi wa Flashi, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama palepale, kwa yule mjukuu. Umeniuliza habari za Bill Gates, za dini na za kodi ya fremu. Mtoto aliyechapwa kwa kosa lako umemtaja ukapita. Basi mimi naanza naye.

Hayajapita. Mwambie Mama, na umwambie mjukuu akiwepo. Usiende na lugha ya kifundi, wala usianze na "unajua Mama, mambo ya mtandao siku hizi". Sema hivi: uliponiuliza kama ni orijino nilikudanganya, kirusi kilikuja na kifaa nilichokiingiza mimi, mtoto hana kosa. Halafu nyamaza. Atasema maneno makali, ana haki nayo. Usimkatishe kumweleza kwamba mafundi wote wanafanya hivyo, maana yeye hakuwauliza mafundi wote, alikuuliza wewe, na akakupa sababu kabisa: humu kuna hela za watu.

Sasa hesabu zenyewe. Umefanya jambo moja la akili katika mkasa huu wote, kuhamisha mafaili kabla ya kufomati. Usiyafute. Hizo herufi nne, hicho kikaratasi na hiyo bei ya dola 980 inayopunguzwa nusu ndani ya saa 72 ni alama za familia ya virusi inayoitwa STOP, wengine huiita Djvu. Chakula chake kikuu ni watu wanaoshusha kreki, vile vifaa vya kuvunja kufuli la leseni, yaani wewe na mimi. Kirusi hiki kikipata intaneti huomba ufunguo wa kufungia kutoka kwa wenyewe, ufunguo wa mteja mmoja, na hapo kazi ni ngumu. Kikikosa intaneti hutumia ufunguo wa pamoja kilichokuja nao, na baadhi ya funguo hizo zimekwisha kupatikana. Wewe ulikuwa unabania bando. Huenda ubahili wako ukaokoa vikoba vya wanawake 30, ingawa siwezi kukuahidi.

Kuna kampuni inaitwa Emsisoft yenye programu ya bure ya kufungulia mafaili ya aina hii. Utaipata pia kupitia No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama wa kompyuta. Ichukue huko huko kwa wenyewe. Nakusisitizia kwa sababu najua tabia yenu, mtu anatafuta dawa ya kirusi cha kreki kwa kushusha kreki nyingine. Kwa kirusi hikihiki zimewahi kusambazwa dawa za uongo ambazo ukizifungua zinayafunga mafaili mara ya pili. Ikikataa leo, tunza ile diski na ujaribu tena baada ya miezi, huenda funguo mpya zikaongezwa. Na asilipe mtu hata senti.

Wakati huohuo usikae kusubiri muujiza. Wanawake wa vikundi hivi huwa na vitabu vyao, kila mwanachama na chake, hisa zimegongwa mihuri na mikopo imeandikwa kwa kalamu. Nenda ukae na Mama, vitabu 30 vikusanywe, uziingize hesabu upya moja baada ya nyingine, bila malipo na bila kuangalia simu. Hiyo ndiyo fidia yako. Na abadilishe nywila za barua pepe na za kila alichokifungua kwenye laptop siku ile, kwa simu yake, maana virusi hivi mara nyingi huja na wenzao wa kuiba nywila. Halafu ile Windows uliyompigia mara ya pili kwa flashi ileile, itoe. Mwanangu, hapo ndipo nilipotaka kukurushia kandambili.

Nikurudishe kidogo kwenye lile agizo la kuzima antivirasi. Mgeni anakuja usiku, anakwambia funga mbwa kwanza ndipo niingie, nawe unamfunga mbwa wa nyumba ya mtu mwingine. Kwenye nyumba yako fanya utakavyo.

Sasa swali lako la wizi, maana najua hutaniacha mpaka nilijibu.

Mimi si mtakatifu. Nilianza ukatibu muhtasi kwa mashine ya taipureta, na kompyuta zilipoingia ofisini kwetu tulikuwa na WordPerfect moja, programu ya kuandikia, ikazaa kumi. Diskete zilikuwa zinapita mkono kwa mkono kama sukari ya kuazima. Hakuna aliyeona haya. Bosi mwenyewe alinakili moja akapeleka kwa mkewe. Kwa hiyo nikikusikia unasema "sijawahi kuliona kama jambo la kuwaza", nakuelewa vizuri sana.

Kisheria hakuna utata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu au wimbo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatenganisha anayevunja haki hizo kwa matumizi yake na anayefanya biashara, ambaye adhabu yake ni nzito zaidi. Wewe una fremu, una bango na una bei, kwa hiyo unajua uko kundi gani. Ukisimamishwa mahakamani, fundi wa ng'ambo ya barabara hatakuwa shahidi wako.

Kuhusu sindano ya shemeji yako, namheshimu, ila mimi naona tofauti. Ukimwibia mtu mbuzi, asubuhi zizi lina upungufu. Ukinakili programu, mwenyewe bado anayo. Anachokosa ni malipo, na mara nyingi ni malipo ambayo mteja wako wa laki nne asingeweza kuyatoa kamwe. Bei ile imepangwa kwa dola, kwa watu wanaolipwa kwa dola. Hilo silikatai. Haliifanyi haki ya mwenye kazi iyeyuke, lakini linanizuia kukuita mwizi wa mbuzi.

Rafiki yako anayecheka, mwambie hivi. Mwaka 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kuwalalamikia wapenzi wa kompyuta wa Marekani kwamba wengi wanaotumia programu yake ya BASIC hawakuinunua. Alikuwa na uchungu kweli. Mwaka 1998, tajiri tayari, akaulizwa habari za China na wanafunzi wa chuo kikuu, jibu lake likawa kwamba kama ni lazima waibe, basi afadhali waibe ya kwetu, watazoea, na sisi baadaye tutatafuta namna ya kukusanya. Alijua anachosema. Kila laptop unayoipiga kreki inamtengeneza mtu ambaye kesho, akiwa mkuu wa ofisi, hajui kuandika barua kwa kitu kingine chochote, na ofisi yake ndiyo itakayolipa leseni. Wewe ni wakala wake Morogoro, umemhudumia miaka yote hiyo bila kamisheni.

Ninaowaonea huruma mimi ni vijana wa hicho chuo cha jirani yako. Mmoja akitunga programu ya stoo ya duka la dawa, aende kuuza elfu hamsini, mwenye duka anamshangaa: programu si ziko bure steshenari?

Halafu kuna lile ulilolipita mwenyewe. Umesema laptop ya Mama ilikuwa na kistika cha Windows. Tangu ilipotoka Windows 8 mwaka 2012, laptop zinazotoka kiwandani na Windows huwa zimeandikiwa ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu wenyewe. Ukifuta diski yote, ufunguo unabaki. Ukipiga Windows safi ya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, iliyoshushwa bure kwenye tovuti ya Microsoft, ukaiunga intaneti dakika chache, inajitambua yenyewe. Haihitaji kreki wala laki tatu. Uwezekano ni mkubwa kwamba leseni ya laptop ya Mama ililipiwa na mtu huko Ulaya zamani, nawe ukaifunika na ya wizi, ukamtoza elfu kumi na tano. Mwanangu, umeiba hata palipokuwa na halali mezani! Sikulaumu peke yako, hata aliyekufundisha hakujua. Lakini laptop za mtumba ndizo zinazojaa kwenye benchi lako, na nyingi zilitoka kiwandani na leseni zake.

Hapo ndipo biashara yako inapopona. Hujawahi kuuza Windows, ulikuwa unauza mikono yako na saa mbili za kungoja. Bei ya mikono ibaki elfu kumi na tano. Kilichobadilika ni chanzo: nunua flashi mpya, weka Windows ya wenyewe, na ile ya shingoni ikapumzike.

Office ndiyo ngumu zaidi, sitakudanganya. LibreOffice ni ya bure na ni halali, na kwa hesabu za kikundi inatosha na kubaki. Mtangulizi wake hata Kiswahili alikuwa anakijua: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu nzima kwa Kiswahili, na sisi tukaendelea kuchoma kreki ya Kiingereza. Lakini mteja akifungua humo waraka wa Word wenye majedwali mengi, mistari huweza kuruka, na atarudi kwako anafoka. Mwambie mapema. Mwanachuo muulize kwanza kama chuo kimempa barua pepe, vyuo vingine vimejiunga na mpango unaowapa wanafunzi Office bila malipo na wengi hawajui. Asiye na chuo anaweza kutumia Word ya mtandaoni kwa akaunti ya bure, ila bando litamsema. Na laptop kongwe zisizoweza Windows 11 uanze kuzijaribia Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayokaa mahali pa Windows, maana masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma Oktoba 14, 2025. Wapo watakaokataa haya yote na kutaka kreki tu. Hao waache wavuke barabara. Wengine watarudi siku mafaili yao yatakapoota herufi nne.

Na bado atatokea mtu akuulize kama Mama alivyokuuliza. Kama umemwekea ya halali, mwonyeshe pale kwenye mipangilio panapoandikwa kwamba leseni iko sawa, asome kwa macho yake. Kama siku hiyo njaa imekushinda na umerudia ya zamani, basi angalau sema "hapana Mama, si orijino", aamue mwenyewe kama hela za watu zikae humo.

Kwa Mama nenda Jumamosi hii asubuhi, kabla hajatoka kwenda sokoni, na ubebe ile diski.

Shangazi